Kaa, Fisi na Taa ya Ufukweni

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa karibu na taa, punguzeni utambi.

Tumeshapunguza!

Watoto wamelala?

Wamelala!

Basi watoto wa Kasa hawakulala, na hiyo ndiyo balaa yao.

Fisi alitoka bara, akajenga kibanda ufukweni, akatundika taa ya karabai barazani. Shiii! Ikawaka, mchanga wote mweupe. Watoto wa Kasa wakianguliwa huifuata nuru ya bahari, ndivyo walivyoumbwa. Usiku wa kwanza wakatoka mchangani, papa-papa-papa, wakaifuata taa. Fisi akafungua kinywa. Kwachu! Usiku wa pili, shimo la pili la mayai, papa-papa-papa. Kwachu! Hakubaki hata mmoja. Hata kusimulia kunaniuma.

Kasa akabakiwa na shimo moja tu. Akawa analia ukingoni mwa maji. Kaa akamsikia, akatoka tunduni.

"Dada Kasa, kulia hakuzimi taa. Niachie mimi."

Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Kumbe unatafuna magamba tu?"

"Kwani kuna kingine?"

"Mama zao, bwana! Wanene hao, wamejaa kule mwambani. Maji yakipwa, beba taa yako, uketi pale. Watakuja wenyewe."

"Na maji yakirudi?"

Kaa akacheka. "Bwana, mto wa kwenu ukikauka, hurudi usiku uleule?"

"Haurudi. Mpaka masika."

"Basi!"

Siku ya bamvua maji yakapwa, yakaenda mbali. Fisi akabeba karabai mpaka mwambani, akaketi, mate yanamtoka. Huku nyuma ufukwe ukawa giza. Shimo la mwisho likafumuka. Papa-papa-papa, watoto wakaifuata taa, na taa iko baharini. Maji yakarudi, yakawalaki njiani, yakawachukua.

Yakamfika Fisi magotini.

"Kaa we! Nini hii?"

"Masika, bwana! Mwaka huu yamewahi."

Yakamfika kifuani. Yakamfika shingoni. Shiii... taa ikazimika. Fisi akalia mara moja, hakulia tena.

Kasa akamwendea Kaa. "Wanangu wamefika wote?"

"Wote, dada," Kaa akajibu, na mdomo umejaa magamba.

Ngano yangu imekwisha. Tamu yake gawaneni, chungu yake nimeimeza mimi. Na funzo lake ni hili: ulafi ni wa fisi peke yake, sisi wa pwani tunaonja tu.