Sahani ya Msafiri wa Mbaazini

Zama Sultani Harithi bin Muhidini alipokuwa amekalia kiti cha enzi cha Shamsiya, mji wa kuta nyeupe na mabirika ya maji baridi, na raia wakilala milango wazi kwa amani yake, alikuwako katika jumba lake mpishi mkuu jina lake Mwidani, na sifa za mkono wake zilikuwa zimefika hata kwa wafalme ambao hawakuwahi kuonja chakula chake, wakamhusudu Sultani kwa kusimuliwa tu. Alikuwa na joho la hariri na watumishi wa kumkunia nazi na kitambi kilichomtangulia kila aendako, lakini asili yake ilikuwa Mbaazini, kijiji cha bara nyuma ya vilima, alikotoka ndevu hazijamwota, akamwambia mama yake, "Nitarudi wakati wa mavuno." Hakusema mavuno ya mwaka gani. Na watu wa namna hii tunawajua, maana kila nyumba ina wake.

Basi siku moja mchuuzi akaleta jikoni gunia la mbaazi mbichi, na Mwidani akatia mkono ndani, na harufu ya yale maganda ikampanda puani, na mara akamwona mama yake, Bi Mize, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anamenya mbaazi na kumsimulia visa, na miguu yake ina vumbi jekundu hadi magotini. Akalia mbele ya wapishi wadogo, akasingizia vitunguu.

"Zimetoka wapi hizi?" akauliza.

"Zimetoka Mbaazini, bwana," akajibu mchuuzi, "na nimejichumia mwenyewe, kwa kuwa mashamba yamegeuka pori na hakuna wa kuniuzia. Watu wa kule hawatoki nje siku hizi. Ukipiga hodi hujibiwa kutoka ndani, 'Sote tumo, hatumngoji mtu,' kisha wanacheka. Wallahi mimi sirudi tena."

Mwidani akaenda mbele ya Sultani, akapiga magoti, akasema, "Ewe mola wangu, Mungu akudumishie utukufu wako, nimekula chumvi yako miaka mingi na sijakuomba ila kuni za kupikia. Leo naomba ruhusa nikamwone mama yangu, kwani nimesikia habari za kijiji chetu na moyo wangu umekataa kutulia."

Sultani akasema, "Ewe Mwidani, mimi nilidhani wewe huna mama, kwa vile hukumtaja hata mara moja. Laiti ungeniomba zamani, zamani ningekupa. Nenda, na aibu ya kuchelewa ni yako, si yangu." Akampa punda na masurufu ya njiani.

Akasafiri, na kila kilima alichokivuka kilimvua kitu cha ukubwa wake. Alipofika kwenye kijito cha Mbaazini alivua viatu, akanywa maji kwa viganja, na yalikuwa na ladha ile ile ya chuma na majani. Mibaazi ilikuwa imefunga njia, na maua yake ya manjano yakampiga usoni, naye akacheka peke yake, akakumbuka alivyokuwa akijificha humo asitumwe maji. Utamu wa kurudi nyumbani ulimjaa hata akasahau maneno ya mchuuzi.

Ilikuwa adhuhuri alipoingia kijijini. Moshi ulitoka katika kila jiko, na katika kila nyumba mlikuwa na vicheko, na nje hapakuwa na mtu wala kuku, na nyasi zilikuwa zimefika vizingitini. Alipopita nyumba ya kwanza akasikia sauti ya Shomari, rafiki yake wa utotoni, akiomba aongezwe mchuzi. Na Shomari huyo, Mwidani alimzika kwa mikono yake mwenyewe katika makaburi ya Shamsiya.

Akakaza mwendo hadi mlangoni kwao, akapaza sauti, "Hodi, Mama! Hodi!"

Akajibiwa kutoka ndani kwa sauti ya kijana, laini, isiyojua moshi wa majiko: "Sote tumo. Hatumngoji mtu." Na sauti ile ilikuwa yake.

Hapo angalikimbia asiangalie nyuma, lakini mkono ukamshika joho. Alikuwa mwanamke wa makamo, jembe begani, macho makali. "Mwidani!" akasema. "Kitambi chote hiki, umemmeza mwenzake punda huyu?"

"Umenijuaje?"

"Kwa masikio. Hayo hayanenepi. Mimi Kibibi, yule yatima wa ng'ambo ya kijito."

Akamchukua kando, akampa maji, akamweleza. Mbaazini palikuwa na desturi, na Mwidani aliikumbuka mara alipotajiwa: mtu akisafiri, wa kwao humpakulia chakula kila mlo katika sahani yake, wakaiweka pembeni mwa mkeka na kusema, "Karibu, mwanangu," kisha sahani ile hupewa mpita njia au maskini, ili naye msafiri apate wa kumlisha huko aliko.

"Mimi nimekulia sahani hizo," akasema Kibibi. "Ulipoondoka nilikula yako. Mama yako alinipa kwa mikono miwili. Lakini miaka ikapita na nyinyi hamrudi, na wazee wakaanza kuona wivu kwa zile sahani. Nikibisha, naambiwa, 'Hiki cha mwanangu, mwache aje ale mwenyewe.' Ikawa wanasema karibu na hapana mtu, na chakula kinalala. Basi siku moja, katika kila nyumba, pakawa na mtu."

"Majini!"

"Majini. Na usidhani hawakusomewa. Mwalimu alisoma hadi sauti ikamkauka, na wao wakaitikia amina kwa sauti nzuri kuliko yake, wakamwambia, 'Sisi tumekaribishwa.' Chakula si shida, Mwidani. Wanakula habari. Mzee akikumbusha lolote la zamani mbele yao, wanalilamba, naye halikumbuki tena. Wazee wanakwisha, na wanakwisha wakicheka. Kwangu hawakuja, maana sikuwa na wa kumngoja. Ingia kama mgeni, mama yako bado ana haya, hatakufukuza. Lakini usisimulie lolote la zamani."

Akaingia. Chumba kilikuwa kile kile, na kinu mahali pake, na mama yake amekaa mkekani, amekonda mifupa inahesabika, na mbele yake, mbele ya ile sahani, amekaa Mwidani. Alikuwa yeye mwenyewe asiye na ndevu, na ile kanzu fupi aliyoondoka nayo, na tabasamu ambalo mpishi mkuu wa Sultani hakujua kama aliwahi kuwa nalo. Naam, ndugu zangu, kuliona jini ni kitisho, lakini kujiona mwenyewe ulivyokuwa, kabla hujamwudhi mtu, ni kitisho kikubwa zaidi.

"Karibu, mgeni, kaa hapo barazani," akasema Bi Mize kwa upole. "Huyu ni mwanangu Mwidani. Hajaniacha hata siku moja."

Maneno yale yakamchoma, akasahau onyo la Kibibi. "Mama, ni mimi! Wakumbuka ulivyonivusha kijito mgongoni, mvua ya masika, ukaniimbia ule wimbo wa chura ili nisiogope?"

Bi Mize akamtazama asielewe. Yule kijana akajipangusa midomo polepole, akasema, "Endelea, bwana mgeni. Kitamu hicho." Na Mwidani alipotaka kuuimba wimbo ule apate kumthibitishia mama yake, akaukosa. Akautafuta kichwani, na mahali pake palikuwa tupu, na hata leo haujui. Akatoka nje hadi barazani, akajifunika uso kwa joho lake la hariri, akalia kwa sauti.

Akakaa pale kama mgeni, akipewa uji na mama aliyemzaa, akisikiliza ndani utoto wake ukitolewa kipande kwa kipande na kuliwa. Akaona wazi kwamba zimebaki habari chache tu, na za mwisho zikitoka, mama atatoka nazo. Lakini mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa Mbaazini huo haukuwa usemi wa mzaha. Siku ya tatu asubuhi Bi Mize akatoka, akamnyoshea jembe, akasema kwa haya, "Uniwie radhi, mwanangu wa watu, ndiyo ada yetu." Katika yote yaliyomtoka, ada ilikuwa bado imo.

Mwidani akashuka shambani. Mikono yake ilikuwa imelainishwa na samli na unga, na jua halijapanda sana malengelenge yakawa yamepasuka na mpini umeingia damu. Bi Mize akamletea maji, akasimama akimtazama, akatikisa kichwa.

"Nani aliyekufundisha kulima vibaya hivi? Udongo wote wajimwagia miguuni!"

"Baba yangu, mama."

"Basi alikuwa mkulima wa bure, Mungu amrehemu," akasema, na akacheka kicheko chake cha zamani, na Mwidani akajikaza asimkumbatie. Kisha akamwuliza, kwa kuwa neno lilikuwa limemjia na jembe mkononi: "Mama, na yule mwanao halimi?"

"Yule si mgeni."

"Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mtoto wa nyumbani hupewa lini?"

Kwa mapenzi yao wazee wa Mbaazini walikuwa wamewapakulia wale watu, wamewatandikia, wamewasimulia, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwanawe aende shamba. Nani atamtuma mtoto aliyemlilia miaka? Bi Mize akavishika viganja vya Mwidani, akavigeuza, akaitazama damu. Kisha akalichukua jembe, akarudi nyumbani, na Mwidani akamfuata nyuma, na Kibibi nyuma yake.

"Mwanangu," akasema Bi Mize, "shika jembe."

Yule kijana akatabasamu. "Jua kali, Mama. Kaa unisimulie siku niliyozaliwa."

"Nitakusimulia ukirudi. Shika jembe. Mwanangu alikuwa mvivu, lakini hakuniacha nikilima peke yangu." Akakinyakua kiganja chake ili amtie mpini, akakiona. Kilikuwa cheupe, kitupu, hakina mstari hata mmoja.

Hapo chumba kikapoa, na yule kijana akasimama, na kichwa chake kikafika kwenye makuti, na akanena kwa sauti ya heshima ambayo haikuwa tena ya Mwidani: "Ewe Bi Mize, sikuvunja mlango wako. Uliniita kila mlo, nami nikaitika, na nimekuwa kwako mwana mwema kuliko huyu aliyekutupa. Chuma hatukishiki, ndilo sharti tuliloumbiwa. Ukinikalifisha jembe nitaondoka, na vyote nilivyokula nitaondoka navyo. Hutamjua mwanao, wala hutajua kwamba hukumjua. Niache, na utakufa ukicheka. Chagua."

Bi Mize akamtazama yule kijana mzuri, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na sura ya mwanawe, akamtazama na mtu mzima mnene anayelia mlangoni, ambaye hakumjua. Hapana aliyemsaidia. Machozi yakamtoka yule mama, akasema, "Wewe wanila nikicheka. Huyu katoka damu kwa jembe langu. Shika, au utoke kwangu."

Jini likatoka. Halikupiga kelele wala halikuvunja kitu, lilipita mlangoni kama mtu aliyeaga, na sahani pembeni mwa mkeka ikapasuka. Kibibi hakungoja, akapita nyumba kwa nyumba na majembe, akiwahimiza wazee, na milango ikafunguka mmoja mmoja. Mama yake Shomari peke yake hakukubali. Aliposikia kwamba Shomari amezikwa Shamsiya, alisema hataki kufiwa mara mbili, wakamwacha na aliyenaye, na baada ya juma wakamkuta amefariki, na uso wake umetulia. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu.

Sultani alipopata habari akaja mwenyewe na watu wake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuchoka na wapishi wadogo, akala mbaazi za nazi chini ya paa la makuti, akaapa hajapata kula mfano wake. Akaisamehe Mbaazini kodi, akamletea Mwidani mali yake yote ya Shamsiya, na akasimamia mwenyewe ndoa yake na Kibibi, ambaye alikula sahani ya mumewe kabla ya kuwa mkewe. Desturi ya sahani haikuachwa. Lakini sasa huwekwa nje, na haipoi kabla mpita njia hajaila. Na funzo lake ndilo hili: ukimkumbuka aliye mbali, mlishe aliye karibu, na wewe uliye mbali, mavuno ni mwaka huu.

Ama Bi Mize, alinenepa, akapata nguvu, akawa anamwita Mwidani "bwana mgeni" na kumpenda sana. Kila alasiri walikaa juu ya kinu wakimenya mbaazi, naye Mwidani akamsimulia habari za mtoto mmoja aliyejificha asitumwe maji, na mama yule akacheka hadi akajifuta macho, kwa kuwa kwake zote zilikuwa mpya.

"Mtoto huyo nampenda," akasema siku moja. "Yuko wapi siku hizi?"

"Alikwenda mbali, mama. Akachelewa."

"Maskini. Akija, mwambie mimi sina kinyongo naye."

Mwidani akainamisha kichwa juu ya ungo, akaendelea kumenya, akasema, "Nimemwambia."