Mwezi Alipokwenda Kwao Kusalimia

Huku kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika kuna jambo ambalo wageni hulishangaa. Usiku ukiwa mweusi tii, ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa mpaka unadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Lakini mbalamwezi ikitoka, usiku ambao hata sindano ungeiokota mchangani, haingii mtu ziwani. Mitumbwi imelala, wanaume wamekaa majumbani. Mgeni husema hawa ni wavivu. Wavivu wapo, sikatai, ila hiyo siyo sababu. Sababu ni hii ninayowaambia, na anayetaka kusinzia akasinzie mbali nami.

Hapo kale ziwa lilikuwa halijui giza. Mwezi alikuwa mzima kila usiku, mviringo kama ungo, wala hakukaa juu kule aliko leo. Alishuka karibu kabisa na maji akakaa palepale hadi alfajiri, kama taa iliyotundikwa kwenye boriti. Dagaa walimpenda mno. Jua likizama tu walipanda kutoka vilindini, wakajazana chini yake wakicheza, wengi hata maji yakawa mazito kama uji. Mvuvi wa siku hizo hakuhitaji akili. Alipiga kasia mpaka chini ya Mwezi, akachota kwa lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mpini mrefu, akarudi mtumbwi umejaa.

Na kwa kuwa kazi ilikuwa rahisi, hawakujua kuiacha. Kila usiku wanaume walikuwa majini. Asubuhi walirudi wananuka shombo, wakala, wakalala kama magogo, na jioni wakaamka kutafuta makasia. Vijiji vilikuwa na dagaa wa kumwagia kuku, lakini vichanga hawakuonekana. Kichanga haletwi na dagaa.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyandwi, mke wa Misigaro. Misigaro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mcheshi, na sauti yake ya kuimba ndiyo iliyomfanya Nyandwi akubali posa. Tangu aolewe, sauti hiyo aliisikia kwa mbali tu, ikitoka majini. Mama mkwe wake naye alikuwa akipita na kulitazama tumbo lake kama mtu anayetazama chungu kisichotaka kuchemka. Hatimaye alimwambia mwanawe amrudishe huyo mwanamke kwao, atafutiwe mwingine mwenye kizazi. Misigaro alijibu kwamba hataki mwingine, anamtaka Nyandwi wake. Alipokwisha kusema hayo akachukua kasia akaenda zake. Maneno yalikuwa matamu, lakini aliondoka nayo.

Nyandwi alimpenda mumewe, na hakutaka kurudishwa kwao kama ungo ulioazimwa. Akalificha kasia. Misigaro akaenda kwa kupiga maji na ubao wa mlango. Hapo Nyandwi akafahamu kuwa dawa haiko kwa mume, iko kwa taa. Jioni moja, kabla jua halijatua, akajifunga nguo kiunoni akapanda kilima cha mashariki, mahali Mwezi alipokuwa akijipaka mawese usoni kabla ya kushuka kazini. Akamwamkia kwa heshima, maana heshima haimtoi mtu jasho. Kisha akaketi.

"Dada," akasema, "wewe kwenu hakuna?"

"Kwetu kupo," Mwezi akajibu. "Mama yangu anakaa ng'ambo, nyuma ya milima ya magharibi."

"Ulikwenda lini kumsalimia?"

Mwezi akaendelea kujipaka mafuta. Baadaye akaanza kueleza kwamba kazi ni nyingi, kwamba dagaa wanamtegemea, kwamba hana wa kumwachia zamu. Nyandwi akamsikiliza mpaka mwisho, maana anayejitetea humaliza pumzi mwenyewe.

"Mimi niliyeolewa kwa mbuzi aliyekonda huenda kwetu kusalimia," akasema. "Wewe mama yako anaiona taa yako kila usiku, na mlangoni kwake hujapiga hodi. Majirani anawaambia nini?"

Nyandwi akainuka. Akashuka kilima akaenda kupika.

Usiku ule ule Mwezi akaanza kukonda kwa kumkumbuka mama yake. Shavu moja likabonyea, kisha likaisha. Akawa anapungua na kupungua, akabaki kama ukucha, na usiku mmoja hakuja. Alikuwa amekwenda kwao.

Giza likaingia kwa mara ya kwanza. Dagaa wakabaki vilindini, na wanaume wakarudi nyumbani wakipapasa kuta. Misigaro akaketi jikoni. Nyandwi akamsongea ugali wa muhogo, akamwekea na mawese, moyo wake mweupe. Lakini mwanaume yule alikuwa hali. Alikuwa anautazama moto.

"Nyandwi," akasema taratibu, "hivi dagaa wanamfuata Mwezi, au wanafuata mwanga?"

Kabla hajajibiwa alikwisha zoa makaa na vinga, akavitia kwenye chungu kikubwa cha mkewe, akakiweka mbele ya mtumbwi akaingia ziwani. Dagaa waliuona ule moto wakadhani Mwezi wao amerudi. Wakapanda mbio, wakachotwa. Usiku uliofuata kila mwanaume alikuwa na chungu chake majini, na kila mwanamke alikaa gizani bila moto, bila chungu, bila mume. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia Nyandwi aanze kufunga vitu vyake. Nyandwi akafunga. Alichokuwa akingojea ni chungu chake tu, asimwachie huyo mwingine mwenye kizazi.

Kisha jioni moja Mwezi akachungulia juu ya milima ya magharibi, mwembamba bado, lakini mama yake alikuwa amekwisha anza kumlisha. Akanenepa siku hadi siku. Alipojaa kabisa akaja kushuka mahali pake pa zamani, akaviona vile vyungu, akawaona dagaa wake walivyodanganywa. Hakugomba. Akajiondokea kwenda juu sana, mahali ambapo hakuna mtumbwi unaoweza kufika chini ya miguu yake, akaumwaga mwanga wake ziwa zima. Dagaa wakatawanyika, kila mmoja akacheza pale alipo. Moto wa Misigaro haukuonekana kitu. Alichota maji mpaka mikono ikamuuma, akageuza mtumbwi.

Alimkuta Nyandwi nje, furushi kando yake. Palikuwa peupe, wakaonana nyuso kama hawajaonana tangu harusi. Misigaro akamwuliza anakwenda wapi.

"Kwetu," akasema Nyandwi. "Kwako sioni mtu."

Misigaro akakaa chini, furushi likiwa katikati yao.

"Sina kazi," akasema, "mpaka Mwezi aende tena kwao."

Nyandwi akamtazama kwa makini, kama anayepima nguo sokoni.

"Basi lifungue hilo furushi," akasema. "Ila chungu changu ukioshe kwanza."

Akakiosha. Akalifungua furushi, akaimba, na mama mkwe aliposikia wimbo umekaribia hivyo akavuta mlango wake akaufunga. Mtoto alipozaliwa, bibi yule alitangaza kijiji kizima kwamba yeye alijua tangu zamani.

Na tangu siku hiyo Mwezi hukonda, akaenda kwao kusalimia, akarudi amenenepa. Giza likiwapo wavuvi huingia ziwani na moto wao, kwanza vyungu, baadaye karabai, siku hizi taa za betri, na dagaa hawajaacha kudanganyika. Mbalamwezi ikitoka, nyavu zinashonwa, wanaume wanakula wameketi, wanajifunza upya majina ya watoto wao. Mkunga wa huku hatumii kalenda. Hutazama juu, akaanza kuhesabu. Nanyi mkimwona mwanamke wa ziwani ameutazama mwezi uliojaa, anatabasamu peke yake, msimwulize kitu. Piteni.