Machozi ya Lambert Jukwaani

Manyunyu ya London yaliwalowesha waliosimama uwanjani, lakini hakuna aliyeondoka. Walikuja kumwona Lambert Oakes akiigiza mtawala aliyemuua nduguye kwa sumu, ambaye katika onyesho la mwisho huuona moto wa jehanamu ukimngoja.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Crispin Thorne. Wawili hao walikuwa chanda na pete tangu utotoni, ila kijicho kilimtafuna Lambert kimyakimya, kama mchwa ndani ya boriti. Crispin alipomficha darini kwake kasisi Mkatoliki, kosa kubwa kwa sheria za malkia, alimwambia Lambert peke yake. Lambert akaifikisha siri kwa askari wa malkia. Crispin akatiwa gerezani, Lambert akavaa joho lake.

Joho halikumkaa. Ursula, mke wa Crispin, alimjia mara kwa mara kumsihi atafute watu wa kumwombea mumewe, na kila alipoitwa shemeji alihisi amemeza kaa la moto. Asubuhi ya siku ile alijikaza, akaenda kwa hakimu kuapa kwa uongo kwamba alimsingizia mwenzake, ili aachiliwe. Hakimu alimsikiliza huku akimenya yai.

"Umechelewa, bwana," alisema. "Homa ya gerezani imeshamchukua."

Alasiri Lambert alipanda jukwaani kwa kuwa miguu ilizoea njia. Alipopiga magoti katika onyesho la mwisho, maneno aliyoyakariri yakamtoroka. Akabaki na yake.

"Ndugu yangu," alisema, "aliyewaonyesha ngazi ya darini ni mimi. Uliniamini, nikakuuza. Leo nataka msamaha, na mwenye kusamehe hayupo. Hata Mungu naogopa kumwita, asije akaniuliza uko wapi."

Akalia mpaka akashindwa kuinuka. Uwanja ulilipuka kwa makofi.

"Anajua kulia huyu," mwuza matofaa alimwambia jirani yake. "Yule Crispin alikuwa akibweka tu."

Nyuma ya jukwaa Ursula alikuwa akimsubiri. Habari za kifo zilikuwa zimemfikia, naye alikuja kumpa rafiki wa mumewe mkono wa tanzia. Sasa mikono yake ilikuwa ndani ya shali.

"Wenzangu wamekupigia makofi, shemeji," alisema kwa upole. "Mimi nimekusikia."

Mjane akageuka kwenda kuidai maiti ya mumewe. Hakika, majuto ni mjukuu: huja kinyume.