Aliyebebwa Hadi Uwanjani

Mtu mmoja alikuwa na bucha, na pia alikuwa na jicho. Bucha ilimlisha, jicho lilimpa heshima. Na kama tulivyo wengi wetu, hakuogopa kupoteza kile kilichomlisha.

Jina lake Kiluvia, ila mjini walimwita Jicho. Mji wenyewe ulikuwa mahali pa baridi, na kila mwaka kabla ya ligi kuanza timu kubwa ilikuja kuweka kambi pale. Wachezaji walilala katika hosteli chini ya kilima, wakafanya mazoezi katika uwanja uliokuwa juu. Walikuja wenye majina, ambao hata mbuzi wa mji ule waliwajua. Walikuja pia wa majaribio, watu wasiojulikana na yeyote, waliocheza majuma machache mbele ya mwalimu wa timu. Mwisho wa kambi baadhi yao walipewa jezi, wengine wakapewa nauli.

Siku ya kwanza ya kambi Kiluvia alifunga bucha, akapanda uwanjani, akasimama kwenye uzio mikono nyuma. Aliposhuka, watu walikuwa wamejaa buchani wakimsubiri, hata wale ambao nyama waliinusa tu. Naye alitaja jina moja: mtu wa majaribio ambaye hakuna aliyemdhania, lakini ndiye atakayewashangaza wote msimu huo. Misimu kadhaa alipatia. Huenda iko aliyokosea. Lakini mji ukishapenda kumwamini mtu, husahau kwa hisani.

Na mji ule ulikuwa na desturi yake. Aliyetajwa na Jicho hakupanda kilima kwa miguu. Kila asubuhi mashabiki walimpokea kwenye lango la hosteli, wakamweka mabegani, wakampandisha hadi uwanjani kwa ngoma na nyimbo, wenzake wakikimbia pembeni wakihema. Ilikuwa heshima kubwa. Mimi nimetembea nchi nyingi, na kila nilikofika nimekuta watu wanaobeba na watu wanaobebwa. Kwa uzito nilionao, mimi hakuna aliyejaribu.

Heshima ya jicho ilikuwa imeanza kumtafuna Kiluvia. Alipopatia mwaka huu, mwaka uliofuata ulikuja mzito zaidi. Kambi ilipokaribia, akili yake haikuwa buchani. Aliyetaka steki alifungiwa utumbo, aliyetaka utumbo akafungiwa steki, na huyo wa pili hakurudi kulalamika. Mkewe alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Nasubiri tu kuaibika."

Mwaka ninaousimulia, kati ya wa majaribio alikuwamo kiungo mmoja mwembamba, jina lake Gwakisa. Alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha chai ili aje kambini, na nafasi yake kiwandani ilikwisha chukuliwa. Nyumbani alimwacha mke mwenye mimba kubwa. Akipewa nauli badala ya jezi, angerudi mahali ambapo hakuna mlango uliobaki wazi. Hakuwa na mbio za kutisha wala mkwaju wa kuvunja nyavu. Lakini Kiluvia, pale kwenye uzio, aliona jambo. Mpira ukiwa bado mbali, kwenye miguu ya watu wengine, Gwakisa alikwisha kuanza kwenda pale utakapofika. Alikwenda bila haraka, kama mtu anayekwenda kufunga dirisha kabla mvua haijaanza. Hakumtazama mtu. Hakujua kwamba anatazamwa.

Kiluvia akashuka, akasimama nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, akataja jina.

Watu wakatazamana. Mbele alikuwapo Chausiku, mpiga ngoma mkuu wa mashabiki, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji ngoma. "Yule mwembamba?" akauliza. "Jicho, leo ulitazama mtu au ulitazama mlingoti wa kona?"

"Mtaona," akasema Kiluvia.

"Tutaona. Na tusipoona, tutakuona wewe."

Wakacheka wote, naye akacheka. Ila kisu akakiweka chini, asije akajikata mbele ya wateja.

Kesho yake Gwakisa alibebwa. Alipowekwa mabegani alicheka kwa haya, akashika kichwa cha mtu asianguke. Wenye majina walimpita wakikimbia, wakamtania: "Bwana harusi, hongera!" Alipofika juu akashushwa kwenye nyasi kama yai. Mazoezi yakaanza.

Siku ile hakuziba pengo hata moja. Kila alipogusa mpira uzio mzima ulinguruma, naye akausikia mngurumo, akataka kuulipa. Akajaribu chenga, akanyang'anywa. Akapiga shuti la mbali, likaenda kuwasalimu ng'ombe nyuma ya goli. Mwalimu wa timu akatikisa kichwa. Kiluvia alikiona kile kichwa kikitikisika.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, au mbaya zaidi. Mashabiki hawakukata tamaa. Ingekuwa heri wangekata. "Anajificha," waliambiana. "Anaiweka akiba kwa mechi ya mwisho." Kadiri alivyocheza vibaya ndivyo walivyozidi kuimba ili kumsaidia, na kadiri walivyoimba ndivyo miguu ilivyomkauka. Buchani watu walimpiga Kiluvia mgongoni wakimwambia asiwe na wasiwasi. Hakuna kauli inayoleta wasiwasi kama hiyo.

Jioni moja Gwakisa mwenyewe alikuja buchani. Alisubiri mteja wa mwisho atoke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akasimama akitazama nyama zilizoning'inia kwenye ndoano, kana kwamba jibu lilikuwa mojawapo ya hizo. Kisha akasema, "Mzee, uliona nini kwangu? Niambie, nikifanye tena."

Kiluvia akaanza kufuta gogo lake. Angesema nini? Alichokiona ni mtu aliyejisahau. Utamwambiaje mtu ajisahau, naye asikumbuke kwamba ameambiwa? Akachukua kipande cha maini, kizuri, akakifunga kwenye gazeti, akamkabidhi.

"Kapikiwe haya," akasema. "Yanaongeza damu."

Gwakisa akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka na maini yake. Hakuwa na upungufu wa damu.

Zilipobaki siku mbili, Kiluvia hakutangulia uwanjani kama kawaida. Alikwenda kwenye lango la hosteli, akapanda kilima nyuma ya msafara. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo miaka yote, kule kwenye uzio, hakuwahi kuliona. Wenzake Gwakisa walipanda wakikimbia, jasho likiwatoka, mvuke ukiwatoka migongoni katika ile baridi. Walifika juu miili yao ikiwa imekwisha pata moto. Gwakisa alikaa mabegani mwa watu, upepo ukimpiga, akijisugua mapaja kwa viganja. Alifika juu akiwa amepoa kama ugali wa jana. Tena alifika amechelewa, kwa sababu wanaobeba hupenda kusimama njiani ili waonekane wamebeba. Kila asubuhi, kwa mapenzi yote ya dunia, mji mzima ulikuwa unamnyima kile kilima.

Akamvuta Chausiku pembeni. "Mshusheni apande kwa miguu yake. Miguu inampoa."

Chausiku akamtazama juu mpaka chini. "Tumshushe? Tangu lini aliyetajwa akashushwa? Tukimshusha, mji utajua umekosea. Umekosea, Jicho?"

Kiluvia alitazama watu wale wote, majirani zake, wateja wake, waliokuwa wakinyamaza yeye akitaka kusema. Miaka mingapi inahitajika mpaka watu wanyamaze ukitaka kusema? Akasema, "Sijasema hivyo."

"Basi tuache tubebe."

Wakabeba. Siku ile Gwakisa alitolewa kabla mazoezi hayajafika nusu, akakaa peke yake, fulana imefunika uso.

Siku ya mwisho ilikuwa mechi ya kupimana, na baada yake mwalimu angetaja atakaobaki nao. Mikoba ya wa majaribio ilikuwa imepangwa ukutani pale hosteli tangu asubuhi, imefungwa tayari, maana hakuna aliyejua yake inaelekea wapi. Mji mzima ulikuwa langoni. Ngoma zilikuwa zimeota jua. Gwakisa akatoka, uso umesawajika, akawekwa mabegani, nao wakageuka kuelekea kilimani. Kiluvia akasimama mbele yao katikati ya njia, mikono imeenea kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Nilikosea," akasema kwa sauti. "Sikuona kitu kwa huyu. Mshusheni."

Ngoma zikakoma. Kule juu Gwakisa alilisikia kila neno. Alimtazama Kiluvia jinsi mtoto anavyomtazama baba aliyemkana mbele ya polisi. Wakamshusha, na safari hii hawakumshusha kama yai.

"Wiki zote hizi unatubebesha mzigo usio na kitu!" akapiga kelele Chausiku. "Rudi kwenye utumbo wako!" Mwingine akasema Jicho limeota mtoto wa jicho. Wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha ndani yake. Lakini ngoma zilikwisha pata moto na mabega yalikuwa yamekaa tayari. Mabega ya namna hiyo hayakai bure. Wakamwona winga mmoja wa majaribio akitoka langoni, wakamnyakua, wakaondoka naye wakiimba jina lake katika wimbo uleule.

Wakabaki wawili langoni.

Hapa ndipo moyo wa Kiluvia uliposumbuka kuliko siku zote. Neno moja tu lingemponya: kwamba nimesema vile kwa ajili yako. Lakini alijua kwamba akilisema, Gwakisa atapanda kilima amelibeba, na kule uwanjani atacheza ili kumshukuru. Angecheza tena mbele ya jicho. Basi akauma ulimi. Gwakisa alimngoja aseme kitu, kitu chochote. Aliponyimwa, akatema mate chini, akageuka, akaanza kukimbia. Alikimbia kwa hasira kilima chote, akaupita msafara, akafika juu jasho likimchuruzika mpaka kwenye nyusi.

Katika mechi ile hakuna aliyemtazama. Uzio wote ulikuwa na winga. Gwakisa alikuwa na mambo mawili tu, mpira na uchungu, na kufikia katikati ya kipindi cha kwanza akabaki na mpira peke yake. Mpira ukiwa bado mbali alianza kwenda pale utakapofika. Aliziba, akapokonya, akatoa pasi fupi, akarudi kuziba. Mashambulizi yalikufa kabla hayajazaliwa, na watu hawashangilii kitu ambacho hakikuzaliwa. Mwalimu wa timu peke yake ndiye aliyeegemea mbele kwenye kiti chake. Jina la Gwakisa lilipotajwa kati ya watakaobaki, waliokuwa kwenye uzio waliulizana, "Alikuwa anacheza?"

Msimu ulipofika katikati hawakuulizana tena. Aliwashangaza wote, kama ilivyokuwa imesemwa, ila hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa imesemwa. Walikumbuka la langoni. "Kuna mchinjaji mmoja kule kambini," Gwakisa mwenyewe aliwaambia watu wa redio, "alisema mbele ya mji mzima kwamba hana alichokiona kwangu. Nacheza ili ajue." Mji ukacheka, ukampa Kiluvia jina jipya, Chongo, na kambi iliyofuata watu walijaa kwenye bucha ya ng'ambo ya barabara kumsikiliza mtabiri mwingine. Gwakisa alipopita mjini na mkewe na mtoto mgongoni, walinunua nyama hukohuko ng'ambo. Kiluvia aliwaona kupitia dirisha. Mtoto alikuwa mnene, mwenye afya. Akaendelea kunoa kisu.

Najua mtaniuliza kama mtu yule alisema uongo pale langoni. Ulizeni tu; mimi nimefika mahali pengi na sijakuta mizani ya kupimia hilo. Ila na mimi nina swali, na ni kwako wewe unayemtangaza mwanao mbele za watu kwamba huyu ndiye, huyu mtamwona, hata ukimtazama sasa hivi anatetemeka: siku ikihitajika, utakubali kudharauliwa na mji, na kuchukiwa naye, ili tu awekwe chini?