Mkata Sanda wa Kitunguru

“Usiulize wangapi, uliza mara ngapi.” Mmenisikia nikiisema, wajukuu zangu, mkataka kujua chanzo chake. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Kitunguru, wenye watu wasiozidi mia tatu, alikuwapo mjane mmoja, Mwanakheri, mkata sanda. Hakuna aliyezikwa pale pasipo bafta ya sanda yake kupita mikononi mwa mama huyu. Ndui ilipoingia, wiki ya kwanza alikata sanda moja. Wiki ya pili akakata tatu. Ya tatu, tisa. Alipomaliza ile ya tisa aliweka mkasi chini, akajitanda kanga kwenda kwa Jumbe Mwinyikondo.

Jumbe alikuwa akiandaa harusi ya mwanawe, na wageni wa vijiji saba walikuwa wamekwisha kualikwa. Mwanakheri alimwomba aiahirishe, wagonjwa watengwe, na kila mtu akae kwake. Jumbe alimsikiliza kwa adabu, maana mama huyu alimzidi umri. Akataka kujua wamekufa wangapi kwa jumla. Alipoambiwa kumi na watatu, akashusha pumzi. Njaa ya miaka ya nyuma iliwachukua arobaini, akasema, na mji bado upo.

“Usiulize wangapi, Jumbe,” Mwanakheri akamwambia. “Uliza mara ngapi. Mmoja amefuatwa na watatu, watatu wamefuatwa na tisa. Kila wiki ni mara tatu. Wiki ijayo nitakata sanda ishirini na saba, inayofuata themanini na moja. Ya baada yake ni mia mbili arobaini na tatu, na mji huu hautakuwa na watu hao.”

“Bibi, majonzi yamekuchosha. Nenda kapumzike.”

Harusi ikafanyika. Wiki ile Mwanakheri alikata sanda ishirini na saba, na ya mwisho ilikuwa ya bwana harusi, mwana wa Jumbe.

Jumbe hakungoja kuambiwa tena. Alifunga njia, akawahamishia wagonjwa ng'ambo ya mto, akakataza hata matanga. Watu walinung'unika: jumbe gani huyu anayewanyima wenzake kulilia maiti wao?

Wiki iliyofuata walikufa ishirini na saba wengine. Mji ukasema kutengana kote kule kumekuwa kazi bure. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mwanakombo, binti pekee wa Mwanakheri. Mama alikuwa akimkatia sanda pale Jumbe aliposimama mlangoni, amekonda, kichwa wazi.

“Mara ngapi?” akauliza.

Mkasi ukasita.

“Mara moja,” akajibu. “Ishirini na saba wiki iliyopita, ishirini na saba wiki hii. Haikuzidi. Usizifungue njia, Jumbe. Sasa itapungua.”

Kisha akaendelea kukata, machozi yakiilowesha bafta.

Wiki ya sita walikufa tisa. Ya saba, watatu. Watu wa Kitunguru waliobaki hawakuwa na haja ya kufafanuliwa tena. Baa lolote lilipotajwa mbele yao, wao ndio waliotangulia kusema: usiulize wangapi, uliza mara ngapi.