Udongo wa Bondeni

Wapendwa, alikuwepo mfinyanzi mmoja, mjane, akiishi bondeni kati ya milima miwili. Kila mlima ulikuwa na mhunzi, na wahunzi hao walishindana nani awe bingwa wa chuma duniani. Lakini moto wa mhunzi hupulizwa kwa mivukuto, na mrija wa mivukuto hufinyangwa kwa udongo usiopasuka. Udongo huo ulipatikana bondeni tu.

Mhunzi wa kwanza alimwambia mjane, "Uniuzie mimi peke yangu, nikupe jembe." Wa pili akamwambia jirani wa mjane, mfinyanzi mwenzake, maneno yayo hayo. Kisha kila mmoja akaongeza sharti: anayemuuzia yule mwingine usimpe hata kaa la moto.

Asubuhi moja, mvua zikinukia, moto wa mjane ulizimika. Akaenda kwa jirani na kigae chake, kama walivyofanya tangu enzi za mama zao.

"Shoga, nigawie moto."

"Mhunzi wangu kakataza."

"Mhunzi wako! Kakuoa lini?"

Jirani alijikaza, akashindwa, akacheka. Halafu akamwonyesha jembe lake: limevunjika, na wa kulitengeneza yuko mlimani, anadai udongo zaidi. La mjane nalo lilikuwa limelika hadi kubaki kama kijiko. Mashamba yasipolimwa sasa, watoto watakula nini?

Mhunzi wa kwanza aliposhuka, aliwakuta wameketi pamoja penye shimo la udongo.

"Haya, mama zangu, chagueni. Mimi au yule?"

"Hatuchagui mtu," mjane akasema. "Jenga tanuru hapa bondeni, uwafundishe wanetu kufua chuma. Na mwenzio tutamwambia hivyo hivyo."

"Watoto wa wafinyanzi? Chuma watakiweza?"

"Basi kapulize moto kwa mashavu yako, baba."

Mhunzi alicheka sana, akageuka aende zake. Mara akamwona mwenzake anateremka mlima wa pili. Akavua joho palepale, akauliza tanuru lijengwe wapi.

Je, hatuwajui wahunzi hawa? Leo mataifa makubwa yanashindana kwa simu, mitambo na akili mnemba, na kila moja linatugongea mlango: "Uko upande gani?" Nasi tunakimbilia kuchagua, tunanuniana na jirani kwa ugomvi usio wetu. Nani alitudanganya kwamba tuna mikono mitupu? Mungu ameweka mali ardhini mwetu, na akili vichwani mwa watoto wetu. Tusiuze ile tukaisahau hii. Anayeitaka mali yetu na aje na ujuzi wake, aketi, afundishe.