Ndege ya Mtumba ya Wakulima wa Chai

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mababu maana simu za kupangusa zilikuwepo, wakulima wa chai wa Lugunga, kule milimani, walikuwa na ushirika. Ushirika ulikuwa na malori mawili. Ulikuwa pia na mwenyekiti, Mzee Mlowe, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mzee Mlowe alikwenda mkutanoni mjini, akaona wenyeviti wenzake wakishuka kwenye ndege. Yeye alishuka kwenye basi. Akarudi na homa ya kutamani ndege. Akawaita wanachama, akasema, "Ndugu zangu, wanunuzi wa chai wako ng'ambo. Tutawafuata na lori?"

Wakacheka. Waliocheka ndio hao hao waliopiga kura. Malori yakauzwa, inunuliwe ndege ya jeti, ndogo, ya mtumba, viti saba vya ngozi, ya kubebea wakubwa.

Injinia mmoja wa ndege, Kilasi, akatumwa kuikagua. Mwenyekiti akampigia simu, swali moja tu: "Inaruka?"

"Inaruka."

Na kweli ilikuwa inaruka, tangu mama zetu wako shule ya msingi. Muuzaji alifurahi mpaka akaongezea mwavuli.

Akaajiriwa rubani, Kapteni Sanga, dada mmoja mkimya. Mwenyekiti akamwambia, "Binti yangu, itue hapa hapa nyumbani, watu waione." Sasa, uwanja wa Lugunga ni wa nyasi, ulichongwa kwa ajili ya vindege vya pangaboi. Kapteni akautazama kwenye picha, akasema, "Kutua, nitatua." Akatua. Pua ikaingia kwenye michai, vigelegele vikapigwa, mbuzi akachinjwa.

Kesho yake mwenyekiti akapanda na suti. "Haya, twende."

"Haiendi, mzee."

"Si umetua?"

"Kutua ni breki. Kuruka ni kukimbia. Huku juu hewa nyepesi, inataka uwanja mara mbili ya huu, na mbele yetu ni korongo."

"Sasa tunafanyaje?"

"Ing'olewe mabawa, ibebwe kwa lori."

Watu wakatazamana. Lori lipi?

Wakati wanatazamana, chai ilikuwa inaoza bandani, maana jani likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo. Bi Sekela, mjane anayesomesha wajukuu kwa chai hiyo, akamwaga magunia yake shimoni, akaja mkutanoni na matope miguuni. "Ndege iliyokwama hainunuliwi. Mmoja wenu auze nyumba yake, tupate lori," akasema. "Chai ikioza tena, wajukuu zangu wanarudishwa nyumbani kwa ada."

Mwenyekiti akasimama. "Mimi nilitamani tu. Kutamani ni kosa? Mtaalamu ndiye aliyesema inaruka."

Injinia akasimama. "Niliulizwa inaruka, nikajibu inaruka. Nani aliniuliza itarukia wapi? Mwulizeni aliyeileta."

Kapteni hakusimama. "Ningekataa, mngemleta mwingine akaitupa korongoni na watu ndani. Mimi nimeileta nzima. Na malori sikuyauza mimi, mmeyauza nyinyi kwa mikono yenu."

Hapo mwenyekiti akapata nguvu. "Eti, Mama Sekela. Wewe mkono ulinyoosha, hukunyoosha?"

Bi Sekela akajibu, "Nilinyoosha. Ulisema kila mwanachama atapanda kwa zamu. Nikasema na mimi, kabla sijafa, niiangalie chai yangu kutoka juu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo. Kuna aliyetamani. Kuna aliyejua akajibu alichoulizwa, na kuna aliyejua akatii. Kuna na mama aliyepiga kura kwa ajili ya kiti kimoja cha ngozi, na nyumba yake ni vyumba viwili vya tope. Jumatatu chai inachumwa. Lori la kununua ni moja na nyumba ya kuuzwa ni moja, kwa hiyo msiniletee ile ya "wote wana makosa". Hilo ni jibu la wenye nyumba kubwa.

Je, iuzwe ya nani?